Jibu: Kidonda cha mama hakifungi, tuongeze dawa gani?

Salama mkuu, pole sana na mama. Unasema kidonda kiko juu ya kifundo cha mguu upande wa ndani, mmefunga papai na jani la mgomba wee lakini hakifungi, muongeze nini. Nimemuuguza bibi hapa Ujiji na kidonda cha hivyohivyo, na nakwambia shida haiko kwenye dawa ya juu. Damu inatuama mguuni sababu vali za mishipa, yaani vilango vinavyozuia damu isirudi chini, zimelegea, ndo maana jioni mguu unavimba na ngozi imekuwa nyeusi, sasa hata uweke jani gani maji yatatoka tu.

Kwanza gusa mguu. Ukiwa wa baridi, vidole vimepauka, au mapigo hayasikiki pale unapofungia kamba za kiatu, usikaze bandeji hata kidogo, nendeni hospitali wapime damu inavyofika, na sukari pia. Daktari akikubali, hapo ndo bandeji ya kuvuta, anzia karibu na vidole mpaka chini ya goti, kwenye kifundo ikaze kuliko juu. Akilala, mguu uinuliwe juu ya usawa wa moyo.

Jani la mgomba lililochemshwa endeleeni nalo, halinati, bibi aliacha kulia wakati wa kubadilisha. Papai linalainisha nyama iliyokufa, ila utomvu wa papai bichi unaunguza ngozi ya pembeni isiyo na kidonda, kwa hiyo nyama ikishakuwa nyekundu acheni. Kikianza kunuka, akapata homa au wekundu ukapanda, msisubiri kesho.