Nyoka Anapoamka Wenyewe Tumelala: Maswali na Majibu

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu nyoka anayelala mchana kutwa, akahangaika usiku kucha, na kula au kukataa chakula kwa namna inayomtatiza mwenye kumfuga. Tumechagua maswali sita.

Chatu wangu mdogo hujificha mchana, lakini ikifika saa nne usiku huanza kuzunguka tangi na kusukuma kioo kwa pua. Je, ana njaa?

Huenda ana njaa, lakini usianze na jibu hilo. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi na ya Kati, ambaye jina lake la kisayansi ni Python regius na ambaye hujiviringa kama mpira akiogopa, ni mnyama wa usiku kwa maumbile yake. Mchana hujificha katika mashimo ya panya na ndani ya vichuguu, na giza likiingia hutoka kutafuta mawindo, maji au, kwa dume aliyekomaa, jike. Kwa hiyo kuzunguka kwa utulivu, huku ulimi ukitoka na kuingia, si dalili ya shida yoyote. Kinachopaswa kukutia shaka ni kule kusukuma kioo kwa saa nyingi, usiku baada ya usiku, hadi magamba ya pua yakachubuka.

Kabla ya kumwongezea chakula, weka kipimajoto kila upande wa tangi. Upande wa joto uwe na nyuzijoto 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa baridi 24 hadi 27. Mmojawapo ukikosekana nyoka atautafuta nje ya kioo, kwa sababu mwili wake hauzalishi joto la kutosha na hana budi kuhama ili apate joto au baridi anayoihitaji. Kisha tazama maficho yake, ambayo yanapaswa kuwa mawili, moja kila upande, na kila moja liwe finyu kiasi cha kumgusa ubavuni akijikunja ndani. Wafugaji wengi hutibu baridi kwa panya, na wanachoambulia ni nyoka mnene ambaye bado anasukuma kioo.

Ni lazima nimlishe usiku? Na gizani anakitambuaje chakula?

Si lazima, ila nyoka wa usiku hupokea chakula kwa urahisi zaidi kuanzia magharibi, wakati chumba kimetulia na taa zimefifia. Macho yake yana mboni ya wima inayofunguka sana gizani, lakini kazi kubwa hufanywa na ulimi, ambao hukusanya chembe za harufu hewani na kuzifikisha kwenye kiungo cha Jacobson, yaani kiungo cha kunusia kilichoko juu ya kaakaa. Chatu ana silaha ya ziada: vishimo vilivyopangika kwenye midomo, vinavyohisi joto la mnyama aliye karibu hata pasipo mwanga wowote.

Ndiyo maana panya aliyetoka kwenye friza na kuyeyuka tu, akiwa bado baridi, mara nyingi huachwa vilevile alivyowekwa. Myeyushe ndani ya jokofu, kisha mtie katika mfuko na kumzamisha katika maji ya moto kiasi, mpaka ngozi yake ifikie takriban nyuzijoto 38. Usitumie maikrowevu, kwani huweza kumpika sehemu moja na kuacha barafu sehemu nyingine. Mshike kwa koleo refu, kwa kuwa chatu hurukia chenye joto, na vidole vyako navyo vina joto.

Naweza kuacha balbu nyekundu ikiwaka usiku ili nimwone?

Izime. Usiku unapaswa kuwa giza, na joto lake litoke kwenye kifaa cha kauri kisichotoa mwanga au mkeka wa joto, chochote kati ya hivyo kikiwa kimeunganishwa na thamostati, yaani kidhibiti joto.

Panya hai si chakula cha asili zaidi?

Porini nyoka huchagua kushambulia au kuondoka. Ndani ya tangi, panya na nyoka wote wamefungiwa. Panya aliyeachwa usiku kucha na nyoka asiye na hamu ya kula huweza kumng'ata hadi akamwachia vidonda vikubwa au kumuua.

Nimpe chakula kiasi gani, na baada ya siku ngapi?

Panya asizidi sana unene wa sehemu nene zaidi ya mwili wa nyoka. Mdogo anayekua hula kila baada ya siku 5 hadi 7, na chatu aliyekomaa hutosheka na mlo mmoja kila baada ya wiki 2 au 3. Mmeng'enyo ni kazi nzito kuliko inavyoonekana: kwa chatu wa Burma, imepimwa kwamba misuli ya moyo huongezeka kwa takriban asilimia 40 ndani ya siku 2 tu baada ya mlo mkubwa. Usimshike kwa saa 48 baada ya kula, la sivyo anaweza kutapika.

Chatu wangu mkubwa amekataa kula kwa wiki sita. Nimlazimishe?

Usimlazimishe. Chatu huyu anajulikana kwa mifungo mirefu, na aliyekomaa huweza kukaa miezi kadhaa bila kula na asidhurike, hasa dume wakati wa msimu wa kujamiiana. Tazama macho yake: yakiwa na ukungu wa samawati, yuko karibu kujivua gamba, na wengi hawali mpaka limalizike. Kama amehamishwa karibuni, mwache wiki moja bila kumgusa.

Mpime uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni na uandike. Akipoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, au akitoa ute mdomoni na kupumua kwa mlio, mpeleke kwa daktari wa wanyama. Kama uzito umesimama, mpe panya mara moja kila baada ya siku 10 jioni, na asipomla, mtoe asubuhi na umtupe.