Dozi ileile, asubuhi tofauti

Pole, dada. Umeuliza kwa nini wewe na mumeo, wote mmeandikiwa dawa ya usingizi, zolpidem, ya miligramu 10, yeye anaamka mzima na wewe unasinzia hadi saa nne asubuhi. Huo si uvivu. Mwili wa mwanamke kwa kawaida huiondoa dawa hiyo polepole zaidi, kwa hiyo kukicha kiasi kinachobaki kwenye damu ni kikubwa. Ndiyo maana mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza dozi ya wanawake ishushwe kutoka miligramu 10 hadi 5. Inaniuma, maana dawa hiyo ilikuwa imeshatumika huko tangu miaka ya 1990!

Rudi kwa daktari. Mweleze unavyojisikia asubuhi, dawa nyingine unazomeza, na kama una ujauzito, kisha muulize kuhusu kupunguza dozi. Usikate vidonge mwenyewe, vingine vimetengenezwa viyeyuke taratibu, wala usiache ghafla kama umevitumia muda mrefu. Na tafadhali sana, kwa sasa asubuhi usishike usukani, hata ukijiona uko macho kabisa.