Barua kwa mwanangu: nishati iliyo chini ya sifuri

Mwanangu mpendwa,

Barua yako kutoka Mafinga nimeipata hapa Tukuyu. Unauliza uwajibu nini wanafunzi wako wanaoshangaa kwamba nishati tuli (ile itokanayo na mahali vitu vilipo) ya elektroni na protoni, chembe mbili za atomu zinazovutana, huandikwa kwa alama ya kutoa, kana kwamba kuna kitu kilicho pungufu kuliko kukosa kabisa. Mimi ningeanza kwa kuwauliza nishati hiyo ni ya nani. Najua wewe na wadogo zako mlinicheka kwa kulirudia jambo hili, lakini nalirudia: nishati hii ni ya wawili, si ya mmoja. Elektroni iliyo peke yake haina. Huipata kwa sababu protoni ipo, na kiasi chake hutegemea umbali ulio kati yao.

Sifuri tumeiweka pale zinapokuwa mbali mno hata mvutano hauhesabiki. Zikisogeleana nishati hushuka, na ikishuka kutoka sifuri haina pengine pa kwenda ila kwenye hasi. Katika haidrojeni, kwa umbali wa nanomita 0.053, ni hasi 27.2 elektroni-volti, kipimo kidogo cha nishati kinachofaa atomu; umbali ukiwa nusu, huwa hasi 54.4, ilhali kani, kwa kanuni aliyoitoa Coulomb mwaka 1785, huwa mara nne.

Hayo ndiyo niliyoyaandika ubaoni kule Iringa siku ile ya mkaguzi, ambayo mama yako huikumbuka kuliko mimi. Alisimama katikati ya kipindi, akasema mbele ya kidato cha sita kwamba nishati haiwezi kuwa chini ya sifuri, akanitaka nifute. Nikafuta, vumbi la chaki likanijaa mkono wa koti. Baadaye nilimfuata nikamwuliza: tukianza kupima kimo kutoka Mbeya mjini, Kyela iko wapi? Iko hasi mita 1,200 hivi, na watu wanalima mpunga na kokoa huko bila kujiona wamepungua. Alifunga faili lake, akaondoka.

Labda aliifikiria nishati mwendo, ambayo kweli haiwi hasi, hilo nampa. Lakini anayefikiria hii kwa nini afutishe ile? Alikuwa mtu wa namna gani sitasema, ingawa neno ninalo.

Wakikuuliza kwa nini basi kuing'oa elektroni ya haidrojeni hugharimu 13.6 badala ya 27.2, waambie kwamba tayari inayo nishati mwendo ya 13.6, kwa hiyo unadaiwa nusu iliyobaki tu.

Baba yako