Bakapu ya mkanda inakubali leo, kesho inagoma

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Mimi ni karani wa chama cha ushirika cha maziwa huku Bahati, Nakuru. Seva yetu ina draivu ya mkanda wa kuhifadhi nakala za data, ya LTO-5, yaani kizazi cha tano cha aina ya LTO, na tuna mikanda mitano, Jumatatu hadi Ijumaa. Kila usiku inachukua GB 300 hivi kutoka kompyuta za ofisi. Siku nyingine bakapu inaisha vizuri, siku nyingine naikuta imekatika na taa ya njano inawaka. Mwezi huu nimeisafisha mara nne kwa ile katriji ya kusafishia. Mwenyekiti anataka tununue draivu nyingine. Hii imekufa kweli?

JIBU: Dada yangu, hizo pesa zisitoke kwanza. Draivu iliyokufa haichagui siku. Ikikubali leo na kugoma kesho, kuna kitu kimebadilika katikati, na kwenu kinachobadilika kila siku ni mkanda.

Chukua daftari. Kwa wiki mbili andika tarehe, mkanda uliotumika na matokeo. Wiki ya pili vuruga mpangilio: wa Jumanne utumie Ijumaa. Kosa likihama pamoja na mkanda, umempata mwizi. Likikamata mikanda yote bila kubagua, ndipo tuishuku draivu, kebo yake au njia inayopitia data.

Niliwahi kuitwa ofisi moja hapa mjini ambayo ilikuwa imeshanunua draivu mpya na tatizo likabaki palepale. Nilichukua katriji iliyokuwa ikigoma, nikasukuma kile kimlango chake cha pembeni kwa ukucha. Ndani mna kipini chembamba cha chuma ambacho draivu hukinasa ili iuvute mkanda. Kilikuwa kimelala upande, ncha moja imechomoka mahali pake. Katriji ilianguka kutoka mezani, ikaokotwa, ikapanguswa, ikarudishwa kazini. Tafadhali, mkanda ulioanguka usiutie tena kwenye draivu, maana unaweza kuiharibu na yenyewe. Kagua vipini vyote vitano leo, hasa kama mikanda husafirishwa kwa bodaboda kwenda kuhifadhiwa nje ya ofisi.

Kuhusu kusafisha, nakusihi upunguze. Utepe wa katriji ya kusafishia unakwangua kichwa cha kusomea kidogo kidogo, mfano wa msasa laini. Safisha draivu inapoomba tu. Nayo katriji huisha: nyingi zina kikomo cha mara 50, na baada ya hapo draivu huitema bila kusafishwa chochote. Fungua logi ya programu ya bakapu, yaani orodha yake ya matukio, tafuta neno TapeAlert; hayo ni maonyo ya draivu yenye namba. Namba 20 ni draivu inaomba kusafishwa sasa hivi. Namba 4 inaulaumu mkanda.

Ikiwa inaomba kusafishwa kila wiki, tafuta vumbi linaingilia wapi. Jina la Nakuru lenyewe husemwa limetoka kwenye Kimaasai, mahali pa vumbi, na anayeishi hapa hahitaji kuelezwa. Seva iliyo sakafuni karibu na mlango unaotazama barabara ya murram huvuta vumbi hilo siku nzima. Iinue.

Kisha keti kando ya draivu dakika tano bakapu ikiendelea, usikilize. Ikivuma, ikanyamaza, ikarudi nyuma, ikavuma tena, hiyo ina njaa ya data. LTO-5 inaweza kuandika MB 140 kwa sekunde. Swichi ya mtandao ya zamani, ya megabiti 100 kwa sekunde, haipitishi zaidi ya MB 12 hivi, kwa hiyo GB 300 zako zitachukua takriban saa saba, na muda wote huo mkanda unasuguliwa mbele na nyuma juu ya kichwa. Hapo ndipo mikanda mizima huchakaa kabla ya wakati. Dawa yake ni rahisi: nakili data kwanza kwenye diski ya seva, kisha itoke kwenye diski hiyo kwenda kwenye mkanda. Kunakili kupitia swichi bado kutachukua saa zake, lakini diski ikiwa nzuri, kazi ya mkanda wenyewe itaisha ndani ya saa moja au mbili.

Ukishafanya hayo yote, ukabana kebo, na mkanda mpya kabisa bado unagoma, mwambie mwenyekiti draivu imechoka. Lakini mnunue LTO-6, ambayo inasoma na kuandika mikanda mliyo nayo. LTO-7 itaisoma tu. LTO-8 haitaisoma kabisa, na rekodi zenu za miaka iliyopita zitabaki kabatini bila wa kuzifungua.