Ukipewa kuandika wasifu wa mwalimu wako usianzie kwenye CV

Mwaka juzi saa nne usiku napigiwa simu na mtoto wa Profesa, mzee katutoka mchana, mazishi keshokutwa kwao Bahi, Dodoma, na familia imekaa imeona mimi ndo nisome wasifu kwa niaba ya wanafunzi wake. Nikasema sawa, ningekataaje. Nikatumiwa CV yake wasap, kurasa kumi na kitu, nikajiona kazi imeisha, hapa ni kugeuza Kiingereza kiwe Kiswahili tu na kuchomeka neno marehemu kila baada ya sentensi mbili.

Saa nane usiku nikamsomea mke wangu. Akasikiliza mpaka mwisho afu akaniuliza, "Sasa huyu alikuwa mtu au ofisi?"

Na ninyi mtapigiwa simu hiyo, maana walimu waliotufundisha ndo wanastaafu na kuondoka hivi, kwahiyo nawaambia nilichojifunza kwa kuchelewa. Wa kwanza kumtafuta sio profesa mwenzake. Huyo atakupa vyeo, na vyeo unavyo tayari. Mtafute aliyembebea mizigo. Mimi nilimpata dereva wake wa zamani pale msibani, amekaa kwenye turubai na kikombe cha chai, akaniambia mzee alikuwa akisema "simama!" unadhani mmepata pancha, kumbe kaona mgunga. Anashuka, anamfuata mchunga mbuzi, anamsalimu "Mbukwenyi", na kabla hajagusa jani anauliza kwanza Kigogo chake mnauitaje. Jina la kitaalamu linakuja baadaye. Tulikuwa tunamcheka kwa hilo, ila angalia leo, migunga yetu mingi vitabuni haiitwi tena Acacia, kuna Vachellia na kuna Senegalia, na jina alilotajiwa na yule mchunga mbuzi liko palepale.

Halafu kazi yake ieleze kwa watu waliokaa mbele yako. Ujana wake alifanya utafiti Kondoa, miaka ile ya mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ambapo 1979 mifugo iliondolewa kwenye ile milima iliyomomonyoka, na kwenye CV jambo hilo lina mistari minne ambayo hata mimi niliyesoma bayolojia naisoma mara mbili. Nikaifuta. Nikaandika kwamba mzee alikuwa anapekua kinyesi cha mbuzi, maana mbegu ya mgunga ina ganda gumu kweli, na zile zinazopita tumboni zikatoka nzima nyingine huota kirahisi kuliko zilizodondoka tu chini, kwahiyo mbuzi anakula mti na anapanda mti. Watu wa Bahi wakaguna, mzee mmoja akacheka kwa sauti, na hapo nikajua wamemwona Profesa wao.

Ukali wake pia uuseme. Alikuwa anafunga mlango saa mbili kamili, ukija na dakika moja unasomea dirishani.

Chagua na jambo moja ulilolishuhudia mwenyewe ulieleze taratibu. Langu lilikuwa mbuyu. Mwezi wa kumi na moja, mvua hazijashika, alitupeleka porini jioni tukakaa chini ya mbuyu bila kuwasha simu, na wenzetu wawili waligoma kabisa, mnajua habari za mibuyu na mashetani. Giza linaingia ua linafunguka, jeupe, kubwa kama kiganja, linaning'inia kichwa chini, na harufu yake sio ya kumpelekea mchumba. Baadaye popo wakaanza kupita. Mzee hakusema neno mpaka tunaondoka, akasema tu kesho haya maua yatakuwa chini, kwahiyo kama hamkuandika, hamkuja.

Hapo ndo penye aibu yangu. Alipostaafu aliendelea kukusanya mimea, anaibana kwenye mbao na magazeti, na mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba mmea usio na mahali na tarehe ni majani makavu tu, mpe mbuzi. Macho yakapungua nguvu, akaniomba nije tuandike lebo pamoja. Nikasema nakuja Prof. Nilisema hivyo miaka mitatu, na kutoka Area C, Dodoma mjini, mpaka Bahi sio safari ya kulala njiani.

Kwahiyo kama wako yupo, nenda wikendi hii. Usimwambie "nisimulie maisha yako", atakuambia alizaliwa wapi na kusoma wapi basi. Mpe kitu mkononi, jani, picha, daftari lake lolote la zamani, washa simu irekodi, na wiki hiyohiyo uandike, siku, mahali, nani kasema.

Mwezi uliopita nimeenda kufungua yale maboksi ya mimea na mama, mjane wake. Lebo hakuna, kilichopo ni tarehe ya gazeti, nayo inakuambia tu mmea haukubanwa kabla ya siku ile. Nikataka kufunga. Mama akachukua karatasi moja, akainusa, akasema, "Hili la korongoni kule nyuma, alilileta siku mvua ilipobeba kuku zangu."

Nikamuuliza mwaka gani mama. Akaanza kuhesabu kwa wajukuu, nami nikatafuta penseli.