Babu anasoma Alhamdu, "kikombe" hakitoki

Dada wa Wete, unauliza vipi babu yako tangu apate kiharusi hawezi kutaja hata kikombe alichokishika, na Alhamdu anaisoma mpaka mwisho. Hajifanyi, masikini. Hiyo ni afasia, yaani shida ya lugha inayoletwa na ubongo kuumia. Maneno ya kujitungia papo hapo, kwa watu wengi, hutegemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo. Yaliyokaririwa tangu chuoni (sura, kuhesabu, salamu) mara nyingi husalimika hata upande huo ukiumia. Mwaka 1861 huko Paris, daktari Paul Broca alikuta mgonjwa anayejibu kila kitu "tan, tan", ilhali akielewa mengi anayoambiwa. Mgonjwa huyo alipofariki, jeraha likaonekana mbele ya ubongo wake, kushoto.

Mama yangu mdogo alikuwa hivyo hivyo. Ukimuuliza "unataka nini?" machozi. Ukishika birika mkono huu na bakuli mkono huu, "chai au uji?", anakodoa, anakodoa... "uji!" Basi mpeni babu vitu viwili achague, zimeni TV, na msimdakie neno. Nafuu huja kwa kasi zaidi miezi ya mwanzo, lakini hata baada ya mwaka mazoezi bado husaidia.