Picha yako yaweza kumwachilia muuaji

Korti na Kalamu: maswali ya wasomaji. Anayejibu ni mwandishi mstaafu wa habari za mahakamani, Mombasa.

*Shikamoo Bi. Nina ukurasa wa Facebook wa habari za mtaa hapa Kisauni, na wafuasi si haba. Mwezi uliopita kijana mmoja alikamatwa kwa madai ya kumdunga kisu mwenye kibanda cha M-Pesa, akafa. Rafiki yangu aliyekuwa kituo cha polisi akanitumia picha ya huyo kijana. Nikaitia ukurasani na kuandika "Muuaji huyu hapa", ikasambazwa usiku kucha. Sasa wakili wake ameniandikia kwamba nadharau mahakama, niiondoe kabla sijashtakiwa. Mimi nimesoma kwamba sheria ya kudharau mahakama ilifutwa, tena kifungu cha 34 cha Katiba kinalinda uhuru wa vyombo vya habari. Je, ananitisha bure? — Kijana wa Kisauni*

Marahaba, mwanangu. Nusu anakutisha, nusu asema kweli. Lakini picha iondoe leo, hata kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Sababu nitakwambia, nayo si ile aliyokupa wakili.

Tuanze na hiyo sheria. Ni kweli Bunge lilipitisha Sheria ya Kudharau Mahakama mwaka 2016, na ni kweli tarehe 9 Novemba 2018 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu, Nairobi, aliibatilisha yote. Alisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na kwamba ilibana uhuru wa mahakama yenyewe. Wengi waliisikia habari hiyo wakaishia hapo. Kilichofuata hakikupewa nafasi kubwa magazetini: korti zilirudi kwenye kifungu cha 5 cha Sheria ya Mahakama, ile ya zamani, kinachoipa Mahakama Kuu yetu uwezo wa kuadhibu sawasawa na ule wa Mahakama Kuu ya Uingereza. Kwa hiyo wewe uliye Kisauni, simu mkononi, kipimo chako kiko London. Sijawahi kulipenda jambo hilo, lakini ndiyo hali. Kanuni ya Adhabu nayo ina kifungu chake kuhusu maneno na maandishi yanayoweza kuwapendelea au kuwaharibia wahusika kesi ikiwa bado inaendelea.

Uingereza wana sheria ya 1981. Inamkamata mchapishaji hata kama hakukusudia ubaya, ikiwa alichochapisha kinaleta hatari kubwa ya kuvuruga haki vibaya katika kesi iliyo hai. Na kesi inakuwa hai tangu mtu akamatwe. Haingoji afikishwe kizimbani. Waulize magazeti ya Daily Mirror na The Sun. Desemba 2010, mjini Bristol, mwanamke aitwaye Joanna Yeates aliuawa. Mwenye nyumba wake, mwalimu mstaafu Christopher Jefferies, akakamatwa. Magazeti yakamvua nguo: nywele zake, mazoea yake, vitabu alivyokuwa akisomesha. Polisi wakamwachilia bila shtaka lolote, na Oktoba 2011 jirani wa marehemu, Vincent Tabak, akapatikana na hatia ya mauaji hayo. Julai mwaka huohuo Mirror lilikuwa limetozwa faini ya pauni 50,000 na The Sun pauni 18,000 kwa kudharau mahakama. Angalia: Jefferies hakushtakiwa kamwe, na bado korti ilisema maandishi yale yangeweza kuharibu kesi kama ingekuwepo.

Hapo mtu wa Mombasa atauliza, na ni swali zuri: wenzetu wana baraza la waamuzi kumi na wawili waliookotwa mitaani, wanaosoma magazeti kama mimi na wewe. Sisi kesi inaamuliwa na jaji peke yake, mtu aliyesomea kazi hiyo. Facebook yangu itamfanya nini jaji?

Si mengi, nakubali. Nilipoanza kukaa kwenye benchi la waandishi katika korti ile iliyo karibu na Ngome ya Yesu, miaka ya 1980, kesi ya mauaji ilisikizwa na jaji pamoja na wazee wa baraza watatu. Walikuwa watu wa kawaida: fundi cherahani, mwalimu aliyestaafu, mwenye duka. Wakati wa mapumziko walitoka na sisi nje, wakanywa kahawa ileile, na gazeti likapita mkono hadi mkono. Nimemwona mzee wa baraza akisoma habari ya kesi anayoisikiza, akitikisa kichwa, na kengele ikilia anarudi ndani kutoa rai yake. Jaji hakulazimika kuifuata rai hiyo, lakini aliisikia. Wazee hao waliondolewa mwaka 2007, na hofu ile ikapungua pamoja nao. Mawakili wanaoendelea kupiga kelele kwamba kila habari "itamshawishi jaji" wanajua wanachokifanya. Mara nyingi wanamlinda mteja wao na aibu. Haki ni kisingizio.

Hatari yetu sisi iko kwa shahidi.

Kesi kama hiyo yako ya Kisauni, jioni, watu wanakimbia, aliyeona ameona uso kwa nukta chache. Polisi wakitaka ushahidi huo usimame, wanaandaa gwaride la utambulisho. Kanuni zake ni za zamani, mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki ilizieleza tangu 1936: mshukiwa apangwe na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na sura, na shahidi asiwe amemwona kabla ya gwaride. Ukishaitia picha kwenye ukurasa wako, hilo la mwisho limekwenda. Shahidi akimgusa begani, anamgusa yule kijana aliyemwona usiku wa tukio, au yule aliyemwona kwenye simu ya shemeji yake? Hajui mwenyewe. Ni chumvi iliyokwisha kutiwa kwenye uji.

Nilikuwa kortini siku moja, kesi ya wizi wa mabavu. Mlalamishi alikuwa mama muuza samaki, alivamiwa alfajiri akielekea Kongowea, wakamkata mkono na kuchukua pesa za mtaji. Gwarideni alimtoa mshukiwa bila kusita. Kiongozi wa mashtaka akaketi ameridhika. Wakili wa utetezi akasimama, kijana mpole sana, akauliza swali moja: "Mama, kabla ya siku ya gwaride, huyu bwana ulikuwa umemwona wapi?" Mama akajibu kwa moyo mweupe: "Gazetini, baba. Nilifungiwa mahamri nalo." Picha ilikuwa imetoka kwenye gazeti moja siku mbili baada ya kukamatwa, uso wote, na kichwa cha habari kinachosema jambazi amenaswa. Hakukuwa na ushahidi mwingine wa maana. Hakimu akamwachilia mshtakiwa. Huenda alikuwa yeye, huenda siye. Hakuna atakayejua tena. Mama yule hakudanganya hata neno moja, na ule mkono haukupona vizuri.

Kwa hiyo nikikwambia uiondoe picha, simtetei huyo kijana aliyekamatwa, ingawa Katiba kifungu cha 50 chasema hana hatia hadi ithibitishwe, na hilo halikuandikwa kwa ajili ya watu wazuri pekee. Nawafikiria watu wa yule mwenye kibanda. Kama kweli huyo ndiye aliyeua, zawadi kubwa zaidi aliyopata ni kutoka kwako. Wakili wake anakuandikia uiondoe, lakini ana akili: picha ya ukurasa wako ameihifadhi tayari, na ataitoa siku ya kumhoji shahidi.

Na ile nusu anayokutisha? Ujumbe wa wakili si amri ya korti. Hajakuamuru mtu. Hapa kwetu wengi wanaofungwa kwa kudharau mahakama ni walioikaidi amri iliyotolewa na jaji au hakimu. Ila hapo jihadhari: usiseme hukukabidhiwa karatasi mkononi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2012 kwamba aliyeijua amri na akaivunja hawezi kujificha nyuma ya kutokabidhiwa. Ukisikia redioni kwamba jaji amekataza jambo lisichapishwe, umekwisha kujua.

Uhuru wako unabaki mkubwa kuliko unavyofikiri. Andika kwamba kijana amekamatwa, ni wa umri gani, amefikishwa korti gani, shtaka lililosomwa, alijibu nini, dhamana amepewa au amenyimwa, kesi inarudi lini. Kikiwa kimesemwa katika korti ya wazi na wewe ukakiripoti sawasawa, hakuna wa kukugusa, hata kama kinamuaibisha mtu mkubwa. Uliza pia kwa nini picha ya mtu aliye mikononi mwa polisi ilitoka kwenye simu ya mtu kituoni. Hiyo ni habari, tena nzuri kuliko uliyoiandika. Lakini usidhani kuongeza "inadaiwa" juu ya picha kunakuokoa. Shahidi haangalii maneno, anaangalia uso.

Nami sitaki usome haya ukafunga ukurasa wako. Uingereza hiyohiyo, miaka ya 1970, korti zilizuia Sunday Times kuandika kuhusu watoto waliozaliwa na vilema kwa sababu ya dawa ya thalidomide, ati kesi za fidia hazijakwisha. Wazazi walikuwa wamengoja miaka. Mwaka 1979 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua, majaji 11 kwa 9, kwamba zuio lile lilivunja uhuru wa kujieleza. Kura mbili tu! Nikiona matajiri wa mji huu wanavyokimbilia zuio kila shamba la pwani linapoandikwa, nazikumbuka hizo kura. Wao ndio wanaonitia wasiwasi kuhusu sheria hii, kuliko kijana mwenye ukurasa wa mtaa.

Wapo wanaohukumiwa na umma kwanza, korti baadaye. Jacque Maribe, mtangazaji wa runinga, alishtakiwa mwaka 2018 katika kesi ya mauaji ya Monica Kimani. Mitandaoni alipewa hukumu wiki ileile. Tarehe 9 Februari 2024 Jaji Grace Nzioka alimwondolea shtaka hilo la mauaji, na mwenzake akapatikana na hatia. Miaka zaidi ya mitano.

*Bi, binti yangu ni mlalamishi katika kesi ya unajisi. Jina lake halikutajwa, lakini redio moja ilitaja mtaa wetu, madrasa anayosoma, na kwamba babake ni dereva wa tuktuk. Nikienda kisimani nanyamaziwa. Nifanye nini? — Mama Aliyeumia, Likoni*

Pole sana, dada yangu. Walichofanya ni sawa na kumtaja jina. Mtaa, madrasa na kazi ya baba, Likoni nzima imeshajua.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 31, inairuhusu korti kumtangaza mtoto kuwa shahidi anayehitaji ulinzi, kisha kuamuru atoe ushahidi nyuma ya pazia au mlango ukiwa umefungwa, na kukataza kuchapishwa chochote kinachomtambulisha yeye au jamaa yake. Huhitaji wakili wako binafsi. Mfuate kiongozi wa mashtaka asubuhi, kabla hakimu hajaketi, umwambie hayo hayo uliyoniandikia, na umwombe aitoe ombi hilo mwanzoni. Ukiona anapuuza, shahidi mwenyewe anaruhusiwa kuomba. Amri ikitoka, redio ikarudia, hapo kuna kudharau mahakama kwelikweli.

Kwa lililokwisha kusemwa, andika malalamiko kwa Tume ya Malalamiko iliyo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013. Andika siku na saa kipindi kiliporushwa. Kama jirani alikirekodi, mwombe. Na msimhamishe madrasa kwa aibu ambayo si yake.

*Je, ni kosa kusema jaji amekosea? Barazani kwetu kuna anayesema utafungwa. — Mzee wa Majengo*

Mzee wangu, huyo anakumbuka zamani, na hakosei kukumbuka. Mwaka 1994 Bedan Mbugua na David Makali wa The People walifungwa kwa kuandika dhidi ya uamuzi wa Mahakama ya Rufaa. Mwaka 1999 Tony Gachoka wa Post on Sunday akapewa miezi sita na mahakama hiyohiyo baada ya kuandika kuhusu rushwa kwa majaji. Waingereza, ambao sheria hiyo tuliiazima kutoka kwao, walilifuta kosa la kuwakashifu majaji mwaka 2013. Soma hukumu, sema wapi jaji alipotoka njia, sema kwa sauti. Kumwita mla rushwa bila ushahidi ni jambo jingine, na hapo atakayekushtaki huenda akawa jaji mwenyewe kwa kumchafulia jina.

*Naweza kurekodi kesi inayosikizwa kwa mtandao? — Mwanafunzi, Tudor*

Bila ruhusa ya korti, hapana, hata picha ya kioo cha simu. Tangu 2020 kesi nyingi zinasikizwa hivyo na watu wamejisahau, wanadhani wako sebuleni. Andika kwa kalamu.

Kwa yule wa Changamwe aliyeuliza nakala ya hukumu yauzwa bei gani: nyingi za Mahakama Kuu na Rufaa ziko bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Tafuta kwa jina la mhusika na mwaka.